Grini ya gofu uani: mwongozo kamili wa kutandika nyasi bandia zisizovimba masika yakija

Masika yakishaondoka, picha huanza kuingia kwenye simu yangu. Zulia la nyasi limevimba katikati, pembeni limejikunja, shimo limejaa maji ya tope, na mpira ukisukumwa unapinda njiani pasipo sababu. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa nyasi zilikuwa mbovu.

Mara nyingi nyasi hazina kosa. Kosa liko chini yake: mchanga ulimwagwa juu ya udongo uliolegea, ukasawazishwa kwa miguu, zulia likatandikwa siku hiyo hiyo. Mvua ya kwanza kubwa ikaja kukagua kazi.

Mwongozo huu ni wa nyumba za mjini Unguja, kuanzia Mbweni, Chukwani na Mazizini kwenye ua wa wastani, mpaka Fuoni na Mwanakwerekwe ambako kiwanja ni kidogo na maji ni mengi. Wa Chake Chake na Wete nao watafuata hatua hizi hizi, ila vilima vya Pemba vitawapa kazi ya ziada ya kukata mteremko.

## Ukubwa tutakaoutumia

Grini ni ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, ambapo mpira hupigwa kwa upole na kulengwa. Ya nyumbani haihitaji eneo kubwa. Mfano wetu una upana wa mita 3 na urefu wa mita 7. Ndani yake, mita 2 kwa 6 ni nyasi fupi za kuchezea. Nusu mita inayobaki kuzunguka pande zote ni nyasi ndefu za pambizo.

Vipimo hivi vina sababu. Nyasi fupi huuzwa kwa roli, yaani zulia lililoviringishwa, lenye upana wa mita 2 au mita 4. Ukitumia kipande kimoja cha mita 2 kwa 6, hakuna kiungo hata kimoja pale mpira unapopita, na kiungo ndicho kinachowashinda mafundi wengi. Isitoshe, roli la mita 4 halipindi kona kwenye vichochoro vya mjini.

## Vifaa, kabla ya kugusa jembe

Kwa grini ya mita 3 kwa 7, tafuta hivi:

- Nyasi fupi za gofu, kipande cha mita 2 kwa 6, urefu wa nyasi milimita 10 hadi 15. Agiza sentimita 20 za ziada kwenye urefu.
- Nyasi ndefu za pambizo, milimita 25 hadi 35, mita za mraba 9. Ongeza moja au mbili za kupotea kwenye ukataji.
- Kitambaa cha jiotekstaili, kile kigumu kisichofumwa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, mita za mraba 28.
- Kokoto mchanganyiko, kubwa zake zisizidi milimita 20, pamoja na chenga zake. Mita za ujazo 2.6.
- Vumbi la mawe, mita za ujazo 0.8.
- Mchanga mkavu uliooshwa wa kujazia nyasi, kilo 120 hivi.
- Matofali ya saruji ya ukingo, na saruji mfuko mmoja.
- Vikombe viwili vya shimo.
- Utepe wa kuungia wenye upana wa sentimita 30, na gundi ya poliyurethani ya nje.
- Misumari ya kuzamisha iliyopakwa zinki, sentimita 10 hadi 15, kama 150.
- Mashine ya kushindilia ya kukodi, chepe, mtaimbo, toroli, futi, uzi, pima maji, ubao ulionyooka wa mita 2, kisu cha zulia na wembe wa akiba, ufagio wenye nywele ngumu.

Vitu viwili katika orodha hii ndivyo vinavyowapotosha watu.

Cha kwanza ni nyasi zenyewe. Kuna muuzaji mjini anayeuza nyasi za bustani za milimita 30 na kuziita za gofu. Zinapendeza kwa macho na kwa miguu, lakini mpira unazama ndani yake na kusimama baada ya hatua mbili. Usinunue bila ya kupima. Chukua mpira wa gofu, uweke juu ya sampuli: ukiona sehemu kubwa ya chini ya mpira imefichika, hizo ni za pambizo tu.

Cha pili ni mchanga. Kuchota mchanga ufukweni bila ya kibali ni kosa, na hata ungeruhusiwa, haufai. Una chumvi inayovuta unyevu na kula misumari, na umejaa vipande vya kombe na matumbawe vinavyosagika na kuwa unga. Unaoutaka ni mchanga mgumu wa duara, usio na chumvi. Njia ya kuujua ni rahisi: tia kijiko kimoja kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukitoa povu, ni wa matumbawe, urudishe. Halafu tia konzi moja kwenye chupa ya maji, tikisa, iache dakika tano. Maji yakibaki na ukungu, una udongo ndani yake na utaziba.

## Hatua ya 1: Kikague kiwanja

Tafuta karo, yaani shimo la maji machafu, kabla ya kitu chochote. Nyumba nyingi za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, zina karo uani na mfuniko wake umefukiwa kidogo au umewekewa ndoo juu. Ukilifunika kwa kokoto na zulia, siku likijaa utabomoa kila ulichokijenga. Mfuniko ubaki nje ya mpaka, na gari la kunyonyea liweze kuufikia. Vivyo hivyo kwa bomba la maji na waya wa umeme unaopita ardhini: muulize aliyejenga nyumba, usikisie.

Tazama juu pia. Mzambarau unadondosha matunda yanayotia doa, mkungu unamwaga majani makubwa, mwembe una mizizi inayotambaa karibu na uso wa ardhi na itakayoinua grini kidogo kidogo. Kaa mbali na shina, angalau upana wa matawi yake.

Kisha tazama madirisha. Vioo vya kuakisi, vile vinavyong'aa kama miwani, hurusha jua kwenye mstari mmoja, na joto lake linaweza kuyeyusha nyasi za plastiki. Simama pale saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 alasiri. Ukiona mwanga mkali wa dirisha umeangukia mahali pako, hama au weka pazia la nje.

Dalili ya kufaulu: una mchoro kwenye karatasi unaoonyesha karo, mabomba, miti, na upande maji ya paa yanakomwagikia. Maji ya paa yasielekezwe kwenye grini kabisa.

## Hatua ya 2: Uulize udongo

Wakulima wetu wana majina ya udongo, na majina hayo yanakwambia kazi iliyo mbele yako.

Kichanga kinapitisha maji vizuri lakini kuta za shimo zinabomoka, na hakishiki mpaka kimwagiwe maji na kushindiliwa. Kinongo, ule mwekundu, ndio mwepesi zaidi kufanya nao kazi. Kinamo ni taabu: kikinywa maji kinavimba, kikikauka kinapasuka, na chochote ulichokiweka juu yake kinapanda na kushuka nacho. Kwenye maweni, mtaimbo utagonga jiwe kabla hujafika sentimita tano. Huko usichimbe, inua ukingo na ujaze juu.

Usitegemee macho. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana huo huo. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, ndipo upime yanavyoshuka kwa saa moja. Tunajaza mara mbili kwa sababu udongo mkavu hunywa kwa pupa mara ya kwanza na kukudanganya.

Yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi, ruka Hatua ya 4. Yakishuka chini ya sentimita 1, Hatua ya 4 ni lazima. Yakiwa katikati, ongeza sentimita 5 za kokoto na uchimbe zaidi kwa kiasi hicho.

## Hatua ya 3: Chimba na jenga ukingo

Wakati mzuri ni baada ya masika, kuanzia Juni mpaka Septemba, kabla ya vuli. Ardhi imekauka, jua si kali mno, na gundi itashika.

Piga uzi, pima pembe kwa kulinganisha urefu wa mishazari miwili (ikilingana, pembe zako ni sawa), kisha chimba sentimita 13. Hesabu yake ni hii: sentimita 10 za kokoto na 3 za vumbi zitalingana na ardhi ya pembeni, na zulia litasimama juu kwa sentimita moja na nusu. Kimo hicho kinazuia maji ya uani kuingia. Grini iliyozama ni bwawa.

Ng'oa mizizi yote, hasa ndago. Usiikate juu kwa jembe; fuata uzi wake mpaka kwenye kile kitunguu cheusi cha chini na ukitoe. Ndago ina ncha kali inayotoboa zulia, na ikishatoboa hutaimaliza. Ukoka pia utolewe, lakini huo angalau kitambaa kinaweza kuuzuia.

Shindilia sakafu ya shimo kwa mashine mara mbili. Jenga ukingo wa matofali kwa saruji. Upande wa bondeni acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 kila baada ya mita moja ili maji yapate pa kutokea. Usitumie mbao: mchwa wa hapa hawangoji mwaka wa pili.

Dalili ya kufaulu: piga kisigino kwenye sakafu ya shimo. Kisiache alama.

## Hatua ya 4: Mfereji wa chini, kwa wenye kinamo

Katikati ya shimo, kwa urefu wote, chimba mfereji wenye upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 20, ukishuka sentimita 1 kwa kila mita. Laza kitambaa, tia kokoto kidogo safi zisizo na chenga, weka paipu ya inchi 2 yenye matundu, ifunike kwa kokoto, kisha ukunje kitambaa juu yake.

Paipu iishie kwenye shimo la kunyonya maji lililojazwa mawe, mbali na kisima, mbali na karo na mbali na ukuta wa jirani. Wa Mwanakwerekwe wanajua maji ya masika yalivyo. Shimo la kunyonya kwenye bonde litajaa na kurudisha maji kwako. Kama uani kwako hujaa maji mpaka kwenye baraza, hakuna mfereji wa inchi 2 utakaokusaidia, na ni bora fedha hiyo ukainulie kiwanja.

## Hatua ya 5: Kitambaa na kokoto

Tandika jiotekstaili shimo zima na upandishe pembeni. Vipande vikikutana, vipandane kwa sentimita 30. Kazi yake ni kuzuia kokoto zisizame kwenye udongo, na udongo usipande kwenye kokoto. Wanaoiacha ili kupunguza gharama ndio wanaonitumia picha za mabonde.

Mimina kokoto sentimita 5, mwagia maji kidogo zilowe bila ya kuelea, shindilia mara tatu au nne kwa mashine. Kisha safu ya pili ya sentimita 5, vivyo hivyo. Ukimwaga zote 10 mara moja, mashine itakaza juu tu, na za chini zitajipanga zenyewe miezi baadaye, zulia likiwa juu yake.

Kokoto ziwe mchanganyiko. Za ukubwa mmoja zinazunguka kama gololi chini ya mguu. Zenye chenga zinafungana.

Mteremko uanze hapa hapa: sentimita 1 na nusu kwa kila mita, ukivuka upana, kuelekea ule upande wenye nafasi kwenye ukingo. Kwa upana wa mita 3, tofauti ni sentimita 4 na nusu. Kuupima huhitaji chombo cha gharama. Chukua ubao wa mita moja, weka pima maji juu yake, na chini ya ncha ya bondeni tia kibao cha sentimita 1 na nusu. Povu likikaa katikati, mteremko ni sawasawa.

## Hatua ya 6: Vikombe vya shimo

Shimo rasmi la gofu lina kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua milimita 101.6. Mpira wenyewe una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Ukikosa kikombe cha kununua, paipu ya maji machafu ya inchi 4 itafaa: kwa nje ina milimita 110, kwa ndani kama 104, kwa hiyo shimo lako litakuwa dogo kidogo kuliko rasmi. Kwa mazoezi hilo ni faida.

Weka shimo moja kila upande, mita 1 kutoka mwisho wa nyasi fupi. Chimbua kokoto upana wa sentimita 20, kina cha sentimita 20. Chini tia sentimita 5 za kokoto safi. Simamisha kikombe kisicho na kitako, au ulichokitoboa matundu, ukizungushie zege. Mdomo wake ulingane na uso wa vumbi la mawe litakalokuja, au ushuke milimita 2. Ukizidi hata milimita 3 juu, utaona duara limevimba chini ya zulia na kila mpira utaruka pembeni.

Ziba mdomo kwa tambara na uache zege siku nzima kabla ya kuligusa.

## Hatua ya 7: Vumbi la mawe, na umbo la grini

Hapa ndipo grini inapozaliwa, kwa hiyo usimwachie kibarua peke yake. Zulia lina unene wa milimita chache tu na halifichi kitu. Kila kibonde utakachokiacha kwenye vumbi, mpira utakiona.

Laza paipu mbili nyembamba juu ya kokoto zikifuata mteremko, mwaga vumbi katikati yake, kisha burura ubao ulionyooka juu ya paipu kwa kuuvuta na kuuyumbisha. Toa paipu, ziba mifereji yake kwa mkono. Nyunyiza maji kama umande, shindilia. Lengo ni sentimita 3 zilizokaza.

Vumbi letu kwa kawaida ni la mawe ya matumbawe, na lina tabia yake: likilowa na kukauka mara kadhaa linashikana kama chokaa. Hilo linakupa uso mgumu, jambo jema, lakini linapunguza upitishaji wa maji. Ndiyo maana hatuzidishi sentimita 3, na ndiyo maana mteremko haujadiliwi.

Ukitaka mpira upinde, tengeneza kilima kimoja cha sentimita 3 hadi 4 kilichonyooshwa kwa mita moja na nusu, kati ya mashimo mawili. Kimoja kinatosha. Wengine huomba vilima vinne kwenye mita sita, na matokeo yake zulia linakunjamana. Kuzunguka kila shimo, nusu mita kila upande, mteremko upungue uwe sentimita 1 kwa mita, la sivyo mpira hautasimama karibu na shimo hata ukilenga vizuri.

Dalili za kufaulu, na zote tatu zitimie:

1. Kisigino hakiachi alama.
2. Mpira ukiviringishwa kwa mkono juu ya vumbi tupu unakwenda bila ya kuruka wala kuyumba.
3. Ukimwaga ndoo ya maji, baada ya dakika tano hakuna dimbwi.

Ukishindwa hata moja, rudia. Ni kazi ya nusu siku hivi sasa. Zulia likishabandikwa ni kazi ya wiki.

## Hatua ya 8: Tandika na unga

Fungua roli asubuhi, litandaze juani mpaka mikunjo ilegee. Usikate wala kupigilia misumari jua la utosini: plastiki imetanuka, na usiku itanywea na kuacha pengo. Kata na funga kuanzia saa 10 alasiri.

Pitisha kiganja juu ya nyasi. Upande mmoja ni laini, wa pili unakwaruza. Mpira ukienda upande wa laini unakimbia zaidi. Vipande vyote, pambizo na grini, vielekee upande mmoja, vinginevyo rangi itaonekana mbili, na jirani atakuuliza kwa nini hukununua za aina moja.

Kata kwa nyuma, kwenye mgongo wa zulia, ukifuata mstari wa nyuzi. Badilisha wembe mara kwa mara. Wembe butu huvuta nyasi badala ya kukata mgongo. Kingo za kiwandani zisizo na nyasi zitolewe kwanza.

Kiungo cha grini na pambizo kinafanywa hivi. Sogeza vipande mpaka viachane milimita 1 au 2. Vikunje nyuma, laza utepe katikati ya pengo, paka gundi, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha shusha upande mmoja baada ya mwingine ukizitoa nyasi zilizobanwa. Weka mifuko ya mchanga juu yake na usikanyage kwa saa 24.

Gundi ya viatu na ile ya mazulia ya ndani hazifai. Zinashika siku ya kwanza vizuri kabisa, halafu mvua zikianza zinaachia. Na usibandike chochote msingi ukiwa umelowa.

Pembezoni piga misumari kila baada ya sentimita 15. Zitenge nyasi kwa vidole kwanza, zamisha kichwa mpaka kwenye mgongo wa zulia. Kichwa kikibana nyasi kitaacha kitovu kinachoonekana mwaka mzima. Chagua iliyopakwa zinki kweli. Upepo wetu wa chumvi unaumbua ile ya rangi tu.

## Hatua ya 9: Fungua mashimo

Tafuta mdomo wa kikombe kwa kidole gumba. Kata msalaba mdogo katikati, fungua vipembe vinne, kisha zungusha kisu ukifuata ukuta wa ndani wa kikombe. Nenda polepole, ukitoa vipande vidogo. Huwezi kurudisha kilichokatwa.

Mdomo ukitoka safi, mpira ukifika pale utaanguka bila ya kugota.

## Hatua ya 10: Mchanga

Nyasi nyingi fupi huhitaji kati ya kilo 5 na 15 kwa mita ya mraba. Lebo ya mtengenezaji ndiyo hakimu. Kwa mita zetu 12, kilo 10 kila moja, ndiyo ile 120 ya kwenye orodha. Mchanga unazuia zulia lisitembee, unasimamisha nyasi, na unampa mpira sakafu thabiti.

Mchanga uwe mkavu kabisa, na nyasi ziwe kavu. Mwaga kidogo kidogo, fagia kinyume cha uelekeo wa nyasi mpaka uzame, mwaga tena. Ukimwaga wote kwa pamoja, utalaza nyasi na kuzifukia zikiwa zimelala. Simama ncha zikibaki juu ya mchanga kwa milimita 1 au 2.

## Hatua ya 11: Pima kasi

Wenye viwanja vikubwa hutumia kijia cha aluminiamu chenye urefu wa sentimita 91, ambacho mpira huachiwa kutoka alama iliyo sentimita 76 kutoka ncha yake ya chini. Wewe kamuombe fundi wa aluminiamu kipande kilichobaki, chenye umbo la V. Weka alama sentimita 76 kutoka chini, inua mpaka alama hiyo iwe juu kwa sentimita 26, na uache mpira ushuke wenyewe. Fanya kwa kwenda na kurudi kwenye sehemu iliyo tambarare, chukua wastani wa umbali mpira uliokwenda.

Kati ya mita 2.4 na 3 ni kasi nzuri ya nyumbani. Chini ya hapo, ongeza mchanga na pitisha rola nzito ya kusawazishia mara kadhaa. Zaidi ya mita 3.4, fagia nyasi zisimame, maana kwa urefu wa mita sita mpira utakuwa unakimbilia ukutani tu.

## Mji Mkongwe na mapaa

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Kabla ya kuchimba ua wa ndani au kubadili sakafu yake, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe ukapate kibali.

Kuhusu paa, jawabu langu ni fupi: kokoto zisipande juu. Sentimita 10 za kokoto zilizoshindiliwa zina uzito wa kama kilo 180 kwa mita ya mraba. Mita 12 ni zaidi ya tani mbili, juu ya boriti za mikoko zenye umri wa babu zako, ndani ya kuta za chokaa zinazovuja. Paani tandika zulia jepesi moja kwa moja juu ya sakafu, bila ya msumari wala gundi inayoziba njia za maji, na utumie kikombe cha kuweka juu. Hutapata mteremko wa kupendeza, lakini aliye chini atalala salama.

## Baada ya kazi

Mchana wa kaskazi nyasi hizi zinachoma nyayo kuliko mchanga wa pwani. Mwagia maji kabla ya watoto kuingia, au chezeni asubuhi na jioni.

Fagia mara moja kwa wiki kinyume cha uelekeo. Kama upo karibu na bahari, ukipita upepo mkali osha kwa maji baridi. Mkojo wa paka pia uoshwe mapema, kwa sababu mchanga mkavu ndio choo chao wanachokipenda. Kunguru wakiona mpira mweupe umeachwa hufikiri ni yai, kwa hiyo okota mipira yote.

Jiko la mkaa, chetezo cha udi na fataki za sikukuu vikae mbali. Kaa moja tu linatoboa nyasi mpaka mgongoni. Likishatoboa, kata mraba unaozunguka kovu, kata mwingine wa kipimo hicho hicho kutoka kwenye zile sentimita 20 ulizoweka akiba, angalia nyasi zielekee upande mmoja, kisha bandika kwa utepe na gundi ile ile.

Ndago ikichomoza, usiivute juu juu. Panua tundu kidogo kwa ncha ya kisu, ifuate chini kwa bisibisi nyembamba mpaka kitunguu kitoke, halafu tia vumbi la mawe na tone la gundi mahali pake.